Kushoto kwa Daraja la Kamikonde

Kila simu iliyopita mikononi mwa Falone ilimuuliza swali mwishoni, na yeye kila mara alibonyeza Oui. Shule aliiachia darasa la tano, na Kifaransa chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini hilo alilijua vizuri: ukibonyeza Non kazi inasimama, ukibonyeza Oui kazi inaendelea. Kwa Oui zake alikuwa ameingiza nyimbo, filamu na mahubiri katika simu za nusu ya mtaa, akiwa amekaa chini ya mwavuli wake pale Alunguli, ng'ambo ya mto, mahali mitumbwi inapoteremsha watu wanaotoka mjini Kindu. Wateja walimpenda kwa sababu hakuharibu kitu na hakuuliza maswali. Walimwita Bubu kwa utani, maana aliitikia kwa kichwa, na akilazimika kusema aliweka kiganja mbele ya mdomo kana kwamba meno yake ni ya kuazima.

Asubuhi moja Francine wa mradi wa chanjo alivuka mto na kompyuta yake mgongoni. Surua ilikuwa imeingia vijijini, watoto walikuwa wanakufa, na motari wa Alunguli walikuwa wamekodiwa kupeleka chanjo kwa pikipiki mpaka kwenye vituo vya afya vya huko ndani. Francine alikuwa amechora njia ya kila mmoja ofisini, akifuata alama walizotuma wauguzi wa kila kijiji. Sasa njia zile zilitakiwa zitoke kwenye kompyuta ziingie katika simu za motari, ndani ya ile programu inayosema na dereva sikioni, pinda hapa, nyooka hapa, hata kusikokuwa na rezo, mtandao wa simu. Alipouliza ni nani anayeweza kazi hiyo, watu walimnyooshea Bubu kidole.

Kazi yenyewe haikumpa shida. Njia moja baada ya nyingine iliingia, mstari wa buluu ukatokea juu ya ramani, motari akachukua simu yake akaondoka. Ni njia ya Itumba tu iliyomkwaza. Mstari wake ulijikunjakunja kama uzi uliodondoka sakafuni. Baada ya daraja la kijito cha Kamikonde uliiacha barabara kwa kulia, ukaingia majini, ukatoka mbali kidogo, ukazunguka mahali ambapo ramani haikuonyesha njia yoyote. Programu ikamwuliza swali refu linaloanza na neno Recalculer. Falone hakulijua. Akabonyeza Oui.

Mstari ukanyooka papo hapo. Ukavuka daraja, ukapinda kushoto, ukakata msitu moja kwa moja mpaka Itumba juu ya njia pana ambayo ramani ilikuwa nayo tayari. Francine, aliyekuwa anaongea na mtu mwingine, alitupa jicho akasema ni sawa. Falone aliona raha kidogo moyoni, kama mtu aliyekunjua nguo iliyokunjamana.

Simu ile ilikuwa ya Ayoubu.

Ayoubu alifunga kwa mipira masanduku mawili ya baridi nyuma ya pikipiki yake, akachomeka kidude cha sauti sikioni, akavaa kofia. Sanduku moja angeliacha kwanza kwenye kituo cha njiani, la pili angelifikisha Itumba alasiri. Kabla ya kuwasha aliinama kwa Falone.

"Leo nitasikia sauti ya mwanamke mwingine njia nzima. Usikasirike."

Falone aliziba mdomo, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Motari waliokuwa karibu walipiga miluzi. Wote walijua kwamba Ayoubu amemposa, na wote walijua kwamba hajajibiwa.

Watu wa Ayoubu walikuwa wamekuja nyumbani kwa kina Falone kabla ya mvua kuanza. Mazungumzo yalikwenda vizuri, chai ilinywewa, hata suala la dini halikuleta maneno, kwa sababu katika koo zote mbili Waislamu na Wakristo walikuwa wameshachanganyika tangu zamani. Kisha mama yake Ayoubu akaeleza habari za baba wa kijana. Alikuwa askari, sajenti Soudi, katika jeshi lililoushika mji miaka ya vita. Hakuwa mtu mbaya, alisema, alikuwa amepewa bunduki tu kama wengine. Kiangazi kimoja alitoka na wenzake kwenda kuwatafuta watu upande wa Itumba, na hakurudi hata mmoja. Mama Falone alikuwa anamimina chai. Aliiweka birika chini, akasema tutaongea, na tangu siku ile hakuongea. Falone aliamini kwamba mama yake anamdharau mtoto wa askari, akalia peke yake, akanyamaza kama alivyozoea kunyamaza.

Mchana ule mama alimletea wali na sombe ya majani ya muhogo chini ya mwavuli. Naye hakuwa mtu wa maneno mengi, ila machache yake yalikuwa makali. Falone alitaka kumfurahisha. Nakala ya njia ilikuwa imebaki kwenye simu yake, na Itumba kilikuwa kijiji cha mama. Falone mwenyewe alizaliwa huko, msituni, vita vikiwa vinaendelea, lakini walihama akiwa mdogo na mama hakumrudisha tena. Misibani mama alikwenda peke yake.

"Mama, ona. Hata kwenu iko ndani ya simu."

Mama alitazama ili kumridhisha tu. Ramani kwake ilikuwa rangi. Basi Falone akamweleza kwa kidole: hapa ni sisi, hii ni barabara ya Kalima, hapa mtu anaiacha barabara kubwa, hili ni daraja la Kamikonde, halafu anapinda kushoto, ananyooka mpaka zahanati.

"Anapinda wapi?"

"Kushoto. Nyuma ya daraja."

Mama alikuwa ameshika kijiko cha wali. Akakirudisha ndani ya sahani polepole.

"Kushoto hakuna muntu," alisema.

Falone akamwonyesha njia pana, jinsi ilivyonyooka. Mama hakuitazama. Aliuliza nani amekwenda Itumba leo. Falone akamtaja. Mama alifumba macho, na alipoyafumbua uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mtu mzee.

"Mupigie."

Falone alipiga. Sauti ya kampuni ikasema mtu huyo hapatikani. Akapiga tena, na tena. Mama alikuwa amesimama, anajifunga upya kikwembe chake, mikono haijanawa. "Ile si njia," alisema. "Ile tulitengeneza ifanane na njia. Atakufa, Falone."

Falone alirudi kwenye faili la Francine, lile la mwanzo, ambalo nalo lilibaki kwenye simu yake na hakuna aliyeligusa. Mstari uliokunjamana ulikuwa palepale: kulia baada ya daraja, ndani ya maji. Muuguzi wa Itumba alikuwa ameuchora kwa miguu yake mwenyewe. Ni ile Oui iliyokuwa imeutupa na kuweka mwingine. Aliinuka, akawaendea motari.

Mkubwa wa motari pale kando ya mto alikuwa Blanchard, mtu mnene, mwenye mdomo usiochoka. Alikuwa amejilaza juu ya pikipiki yake, miguu juu ya usukani, akiwachekesha wenzake. Falone alisimama mbele yao. Aliushusha mkono uliokuwa mdomoni.

"Papa Blanchard, tupeleke Itumba. Mimi na mama. Sasa hivi."

"Ee," alisema Blanchard, "Bubu amesema. Anueni nguo, mvua inakuja."

Walicheka. Mawingu kweli yalikuwa yamejaa upande wa Kalima. Blanchard akauliza ni kitu gani cha haraka hivyo. Kama ni bwana harusi, atarudi kesho, na kwa vile ana simu inayoongea ana akili kuliko wote waliokaa hapo.

"Simu inaongopa," alisema Falone. "Mimi njo nimeifundisha."

Hapo Blanchard aliteremsha miguu.

Walipanda watatu, Blanchard mbele, Falone katikati, mama nyuma. Barabara ilikuwa ya matope mekundu, na Blanchard aliendesha kimya, jambo ambalo motari wenzake wasingeliamini. Falone aliendelea kupiga simu mpaka alama za rezo zikaisha. Ndipo mama alipoweka mdomo karibu na sikio lake na kuanza kumwambia. Hakuwa amewahi kumwambia, na pengine asingeweza kama wangekuwa wanatazamana.

Miaka ile askari walishika mji, na wenye silaha wengine walishika msitu, na mtu wa kijijini alichapwa na pande zote mbili. Huyu alimwita msaliti kwa sababu amemuuzia yule muhogo, yule alimwita msaliti kwa sababu amemuuzia huyu. Watu wa Itumba walikiacha kijiji chao cha barabarani wakahamia ndani, ng'ambo ya Kamikonde, mahali kijiji kilipo hata leo. Halafu wakatengeneza njia mbili.

Njia ya kweli waliificha kwa kutoikanyaga mara mbili mahali pamoja. Waliingia majini chini ya daraja, wakatembea ndani ya kijito, wakatokea mbali, kila mtu kwa mahali pake. Mtu akidondosha hata ganda la ndizi alipigwa. Njia ya uongo waliilima kama shamba. Kila siku wasichana na wanawake vijana walipewa zamu ya kwenda na kurudi juu yake, wamebeba mawe kichwani ili nyayo zizame. Waliacha maganda ya muhogo, majivu ya moto, kipande cha kinu kilichopasuka. Mama Falone alikuwa msichana wa zamu hizo, mtoto mgongoni. Siku moja aliambiwa aache kitambaa cha mtoto kwenye kichaka, kama kimeanguka.

"Kilikuwa chako," mama alisema sikioni mwake.

Na mbele, njia ilipoanza kuteremka, wanaume walichimba mashimo, kama yale ya kutegea nguruwe lakini marefu zaidi, na miti iliyochongwa chini, na majani juu. Ili wao wenyewe wasitumbukie, upande wa kulia kabla ya kila shimo walichomeka kijiti.

Askari walikuja kiangazi. Waliona njia nzuri, wakaona kitambaa, wakaingia. Baada ya vita wakubwa wa Itumba walikubaliana kwamba kushoto hakupitiki na hakusemwi, kwa sababu askari wale walikuwa na wenzao, na wenzao bado walikuwa wamevaa nguo za jeshi. Mtoto wa Itumba akikaribia pale alipigwa kofi, hakuelezwa kitu. Mgeni alisindikizwa. Kisha majuzi wapasua mbao walifika, wakapanua mwanzo wa njia, wakakata miti ya karibu, wakaondoka. Kwa mtu anayetazama kutoka juu ilikuwa barabara.

"Tuliitengeneza vizuri sana," mama alisema, na hakuwa anajisifu.

Falone alitaka kumuuliza juu ya sajenti Soudi. Hakuuliza. Mkono wa mama kiunoni mwake ulikuwa umekaza mpaka ukauma, na hilo lilikuwa jibu.

Walifika darajani mvua ikiwa imeshapita mbele yao, miti inadondosha maji. Blanchard alizima pikipiki. Juu ya matope, alama ya tairi moja ilitoka kwenye mbao za daraja, ikasitasita kidogo, ikapinda kushoto. Njia ilikuwa pana, safi, yenye mwanga. Upande wa kulia kulikuwa na mteremko wa majani marefu tu, na maji.

Mama alimwambia Blanchard kwa maneno machache kwamba mbele kuna mashimo. Naye akaitazama ile njia, akatazama tumbo lake.

"Mimi shimo likiniona litafurahi," alisema, lakini sauti yake haikuwa ya utani. Mama alimwambia abaki darajani, asimruhusu mtu yeyote kuingia. Alikata fimbo ndefu, akavua viatu, akaanza kutembea. Falone alimfuata.

Mwanzoni mama alikwenda kwa hatua za kawaida. Pale wapasua mbao walipoishia, njia ilianza kuteremka, na mama akapunguza mwendo, akawa anagonga ardhi kwa fimbo kabla ya kila hatua. Halafu akasimama kabisa. Falone aliona anatazama upande wa kulia, anageuza kichwa, anatazama tena.

"Vile vijiti," mama alisema. "Vilikuwa vya ule muti wa kujengea ua."

Falone alielewa. Ni mti ambao ukiuchomeka hata kichwa chini utachipua. Kijiti kilichochomekwa wakati yeye ni mtoto mchanga sasa kilikuwa mti mzima, na mti ule ulikuwa umezaa, na waliozaliwa walikuwa wamezaa. Upande wote wa kulia ulikuwa ua mmoja wa miti inayofanana. Kila mmoja ungeweza kuwa kijiti cha zamani, na kila mmoja ungeweza kuwa mjukuu tu.

Walikwenda hivyo, mti kwa mti. Mama aligonga, akasikiliza, akakanyaga. Mahali pamoja fimbo ilizama mpaka mkononi, na wote wawili wakarudi nyuma, lakini lilikuwa tundu la mnyama.  Ndipo Falone aliposikia kitu, mbele, nyuma ya kona. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Mfaransa, tulivu, isiyo na haraka yoyote. Ilikuwa inamwambia mtu anyooke.

Pikipiki ya Ayoubu ilikuwa imeinamia ndani ya ardhi, gurudumu la mbele halionekani, la nyuma limeinuka hewani. Shimo la kwanza lilikuwa limejaa udongo nusu kwa miaka mingi, na hilo lilikuwa limemwokoa. Ng'ambo ya shimo, kule lilikomrusha, Ayoubu alikuwa amewapa mgongo, suruali imechanika gotini, sanduku la baridi begani, simu imefungwa kifuani, kidude cha sikioni kimechomoka, sauti ikitoka nje. Alikuwa ameamua kumalizia kwa miguu. Alikuwa anatembea.

Falone alimtazama mama ili aite.  Jina lile halikumtoka mama.

"Ayoubu," aliita Falone. Hakuwa amewahi kuita kwa nguvu hivyo tangu azaliwe. "Simama hapo."

Aligeuka, mguu mmoja mbele. Alipowaona, uso wake ulishangaa, halafu ukacheka.

"Mama na mutoto, wote wawili. Mumekuja kunikatalia mpaka porini?"

"Simama kama ulivyo," alisema mama, sauti imerudi. "Usiende, usirudi."

"Mama, barafu inayeyuka. Simu inasema nimebakiza kidogo tu."

"Mbele yako iko shimo. Mengine yako mbele ya hilo. Hayakujaa yote kama hili."

Ayoubu aliangalia ardhi mbele ya mguu wake. Ilikuwa majani makavu tu, kama kila mahali.

"Unajua namna gani?"

Mama angeweza kusema kwamba alisikia, kwamba watu walisema. Falone aliyaona maneno hayo yakimpita usoni. Mama hakuyachukua.

"Tulichimba sisi," alisema. "Njia hii yote njo sisi tuliitengeneza. Ilikuwa ya askari."

Sauti ya Kifaransa ikasema tena anyooke. Ayoubu aliizima bila kuitazama. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani. Falone aliona kijana anapanga mambo kichwani mwake, kimoja kimoja: Itumba, kiangazi, chai, birika iliyowekwa chini.

"Baba yangu alipita hapa," alisema.

"Alipita hapa."

"Ulimuona?"

"Nilikuwa ng'ambo ya maji, na huyu mugongoni. Nilimuziba mudomo asilie."

"Na wao?"

"Waliita."

"Waliita nini?"

"Sikusikia maneno," mama alijibu upesi. Falone hakujua kama ni kweli, na hakuuliza siku ile wala baadaye.

Ayoubu aliwapa mgongo. Sasa alikuwa anatazama mbele, kule njia ilikoteremka, kule majani makavu yalikolala vizuri kila mahali. Sanduku lilikuwa bado begani mwake. Falone alipata hofu ambayo hakuipata njia nzima. Aliona kwamba mtu yule hatazami tena njia ya kwenda Itumba. Alikuwa anatafuta mahali baba yake alipoangukia.

"Ayoubu," alisema Falone, safari hii taratibu. "Sanduku."

Hakugeuka.

"Watoto wanangoja. Lete sanduku kwanza."

Mama hakungoja jibu. Alishika mti wa kwanza wa kulia, akapita pembeni mwa shimo kwa ubavu, kikwembe kikishikwa na miiba, udongo ukimomonyoka chini ya visigino vyake na kudondokea ndani. Falone alihesabu pumzi zake mwenyewe. Mama alifika ng'ambo, akagonga ardhi kwa fimbo mpaka alipomfikia Ayoubu, naye akageuka, mama akasimama mbele yake. Alikuwa mfupi, alimfika kifuani. Nyuma ya mama, hatua chache tu, shimo la pikipiki lilikuwa wazi kama mdomo, na Ayoubu alikuwa na mikono yenye nguvu ya motari. 

Kisha mama akampa mgongo.

"Kanyaga ninapokanyaga," alisema, akaanza kurudi.

Kwa hatua ya kwanza alikuwa peke yake. Kwa ya pili pia. Falone aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kwa hatua ya tatu Ayoubu aliinua mguu na kuuweka mahali mama alipoutoa wa kwake.

Pikipiki waliiacha. Walimkuta Blanchard darajani, amekaa katikati ya njia kama kizuizi. Alipouona uso wa Ayoubu hakutania. Alichukua sanduku akaliweka kichwani bila kuombwa, na wote wakateremka kulia, ndani ya majani marefu, wakaingia majini. Kijito kilikuwa baridi, kimejaa mvua. Falone alishika simu yake juu, ameiambia iandike kila wanapopita, na nyuma yao mstari uliokunjamana ukaanza kujichora upya, kona kwa kona, kama Odile, muuguzi wa Itumba, alivyokuwa ameuchora.

Odile alikuwa mlangoni pa zahanati, na kina mama wamejaa uwanjani, watoto wamelala mapajani, macho mekundu. Alifungua sanduku, akashika pakiti za barafu moja moja. Katikati ya maji bado kulikuwa na vipande vigumu. Aliangalia chupa, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuita majina. Watoto walilia mmoja baada ya mwingine mpaka jua likaingia mitini, na hakuna aliyewahi kukisikiliza kilio kwa raha kama Falone alivyokisikiliza kile.

Kabla ya kukaa chini alifuta ile njia iliyonyooka kwenye simu ya Ayoubu na kwenye ya kwake. Kumwambia Francine ingebidi asubiri mpaka afike penye rezo. Alikuwa ameshaamua atasema mwenyewe, kwa mdomo, kosa lilikuwa lipi na nani alilifanya, kabla motari mwingine hajatumwa.

Ayoubu hakula. Ndugu za mama walimletea wali na samaki, akashukuru, akaacha sahani palepale. Watu walipokwisha kukusanyika kwenye baraza la mjomba aliuliza kama anaweza kupewa jembe.

 Wote walimtazama Mama Falone.

"Anajua," alisema. "Nimemwambia."

Mjomba alisimama. Alisema kwamba dada yake amewauza, kwamba kesho wenye nguo za jeshi watajaa kijijini kuuliza, kwamba wazee waliokufa na siri ile walikuwa na akili kuliko wanaoishi. Mama hakumbishia. Ayoubu naye hakusema kwamba atanyamaza, wala kwamba atasema. Alirudia tu, kwa adabu, kwamba anaomba jembe. Mjomba akaingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi mama alitoka nyumbani kwa mjomba na majembe mawili. Hakuna aliyejua kama alipewa au aliyachukua. Ayoubu alimwambia abaki, kwamba mmoja anatosha. Mama alimjibu kwamba Ayoubu hajui mti upi ni upi. Juu ya ndoa hakuna aliyesema kitu, na Falone, aliyewafuata na dumu la maji, hakutegemea kusikia.

Walipita pikipiki iliyoinama. Walipita shimo la kwanza. Mama alikwenda mbele na fimbo yake, polepole kuliko jana, akigonga, akisikiliza, akiweka kiganja kwenye shina la mti mmoja, akitikisa kichwa, akienda kwenye mwingine. Mti mmoja aliugusa muda mrefu. Aligonga kushoto kwake. Ardhi ilijibu kwa sauti nyingine.

"Hapa," alisema. "Sijui kama ni yeye. Hapa njo kelele ilitoka."

Ayoubu alivua viatu. Alipiga magoti ukingoni, akaondoa majani kwa mikono mpaka udongo ukaonekana, kisha akasimama akaanza kulima, taratibu, kwa upande wa jembe, kama mtu anayechimbua viazi na hataki kuvijeruhi. Baadaye kidogo mama alishika jembe la pili, akazunguka, akaanza upande wa pili. Ayoubu aliinua macho akamtazama. Falone alishika dumu kwa mikono miwili.

Ayoubu alisogea kidogo kushoto, akampa nafasi.